Sura ya Tisa: Moto Wenye Mama Wawili

Adinani hakuwasha moto ule. Aliyemweka mahabusu zaidi ya mwaka kwa kosa la kuua watu wawili alikuwa Inspekta Ngassa, na Jumanne ijayo Ngassa huyohuyo alitakiwa asimame mbele ya jaji, aape, aseme ni Adinani.

Ngassa alilijua hilo tangu Jumatano saa nne asubuhi, akiwa amesimama kwenye majivu ya ghala la tumbaku kule Usoke, pingu mkononi.

Ghala lilikuwa refu kama behewa. Upande wa mashariki mchambuzi wa tumbaku aitwaye Raymundi alikuwa akichemsha chai kwa jiko la gesi. Upande wa magharibi palikuwa pametoka kufagiliwa, na vumbi la tumbaku lilikuwa bado limetanda hewani. Katikati sakafu ilikuwa imemwagiwa maji, vumbi hakuna. Mpira wa gesi ulikuwa ukivuja. Moto ukalipuka mashariki, na kabla haujavuka pale katikati, magharibi nako kukawaka. Wanawake sita waliokuwa nje kwenye mizani waliona yote kupitia mlango mkubwa. Hakufa mtu. Raymundi alitoka bila nyusi.

"Nani mwingine alikuwa ndani?" Ngassa alimuuliza.

"Mimi na birika."

"Na moto wa kule nani kauwasha?"

"Afande, Mungu alinipa mikono miwili tu, na yote ilikuwa imeshika birika. Labda ulikamate birika."

Wanawake wakacheka. Ngassa hakucheka. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiwafundisha vijana wa upelelezi neno moja kuhusu moto: moto una mama mmoja, ukikuta mama wawili, acha kutafuta moto, tafuta mtu. Kwa neno hilo alikuwa amempata Adinani. Na sasa mbele yake kulikuwa na moto wenye mama wawili, mashahidi sita, na mtu hakuna.

Akairudisha pingu kiunoni. Njia nzima kurudi Tabora hakusema na dereva. Alipofika ofisini alifungua droo ya chini ya meza, akaondoa makabrasha, akatoa karatasi moja iliyokunjwa mara nne.

*

Alhamisi asubuhi aliipeleka karatasi hiyo kwa mwenyewe. Sajenti Eustadia wa zimamoto alikuwa nyuma ya banda la magari, anapuliza jiko la mkaa. Aliinua macho, akaiona karatasi, akaendelea kupuliza.

"Nilidhani ilishafungiwa karanga," alisema.

"Ilikuwa kwangu."

"Ungeniambia nije niichukue. Nilikesha siku mbili naiandika."

"Nilikwambia taarifa ya moto wa Adinani iwe fupi."

"Ulisema, 'Sajenti, mambo ya vumbi yatamchanganya jaji.' Nikakupa kurasa tatu, ukarudisha mbili kwenye jalada." Akasimama, akajipangusa majivu. "Leo nani amechanganyikiwa?"

Ngassa aliivua kofia yake. Hakuwa na desturi ya kuivua mbele ya sajenti.

"Nieleze. Polepole. Mimi shule niliishia darasa la saba."

Eustadia alimtazama, labda kuona kama ni mzaha. Kisha akamsogeza kwa mabega mpaka akasimama hatua moja mbele ya jiko. Upepo wa Julai ulikuwa mkavu na wa baridi, unatoka nyuma ya Ngassa na kwenda jikoni.

"Upepo unatoka wapi?"

"Mgongoni."

"Basi hewa ya jiko inakukimbia. Mbona unarudisha uso?"

"Kuna moto."

"Umefikaje kwenye uso wako? Haukubebwa na hewa, hewa inakwenda kule."

Ngassa akafikiri. "Umeruka."

"Umeruka. Joto la moto mkubwa linasafiri kama mwanga wa taa. Hewa safi haliioni, linapita. Hata gesi ya kupikia haliishiki sana. Linakwenda mpaka likute kitu cha kutua."

Akaingia ofisini, akatoka na vipimajoto viwili vya ukutani. Kimoja alikizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Cha pili alikipaka masizi ya sufuria. Akavining'iniza pamoja kwenye waya mbele ya jiko, kimoja kando ya kingine, na wakasubiri wakiwa wamesimama kama watu wanaosubiri treni. Baada ya dakika tano alivisoma kwa sauti.

"Cha kung'aa, ishirini na tisa. Cha masizi, hamsini na nane. Hewa ni ileile, afande. Ila kimoja kinapokea na kingine kinarudisha."

"Lakini kule kwa Adinani kulikuwa na unga wa mashine, na unga si masizi. Unga ni mweupe."

"Mweupe kwa jicho lako. Kwa joto la moto, unga si mweupe. Unapokea." Akaiweka sufuria ya chai jikoni. "Sasa weka gesi imetambaa chini nyumba nzima. Upande mmoja moto umeshika, mkubwa, wa manjano, wenye masizi, maana wa namna hiyo ndio unaorusha joto kuliko wote. Upande wa pili unga umejaa hewani, na gesi imo humohumo kati ya chembe. Katikati hewa haina vumbi. Joto linaruka pale katikati halishiki kitu. Linatua kwenye unga. Kila chembe inapata moto, inaichoma gesi inayoizunguka. Moto wa pili unazaliwa kabla wa kwanza haujafika."

"Bila mtu."

"Bila mtu. Lakini lazima unga uwe hewani. Ukiwa umelala chini ya magunia hauzai kitu. Kwenye karatasi yangu nilikuuliza jambo moja tu: kule ghalani kwa Adinani nani alikuwa anarusha unga, na kwa nini milango ilikuwa imefungwa? Hukujibu."

"Sikujibu," alisema Ngassa.

Hakumkaribisha chai. Naye hakuingoja.

*

Jengo la kesi ya Adinani lilikuwa mtaa wa Cheyo, na lilikuwa la marehemu Selemani. Kulia kulikuwa na tanuri lake la mikate, lililotumia mtungi wa gesi. Kushoto kulikuwa na mashine ya kusaga ya mpangaji wake Adinani, pamoja na ghala la unga. Katikati palikuwa na ujia mtupu wenye dirisha moja la kioo, uliokingwa pande zote mbili kwa wavu wa chuma tu. Ijumaa ya tarehe kumi Mei mwaka jana, alasiri, moto ulilipuka pande zote mbili. Kulwa, kibarua wa mashine, alifia ghalani. Selemani alifia hospitali siku ya tatu bila kusema.

Jalada la Ngassa lilikuwa na kila kitu ambacho mwendesha mashtaka hupenda. Jumatano ya wiki ile Adinani na Selemani walizozana hadharani, Selemani anataka ghala lake. Adinani alionekana akifunga milango ya ghala na kuondoka, robo saa kabla ya mlipuko. Mfukoni alikutwa na kiberiti. Ghalani kulikutwa dumu la mafuta ya taa. Shahidi aliona mioto miwili. Na usiku wa mahojiano mshtakiwa alisema kwa kinywa chake, "Ni mimi nimemuua Kulwa."

Ndani ya gari Ngassa alizitoa picha za vielelezo, akazipitia upya moja moja. Dumu: kila mwenye mashine huosha vyuma kwa mafuta ya taa, hata yeye alilijua hilo. Kiberiti: Adinani mvutaji. Kwenye picha ya kumi na moja akatulia. Magunia kumi na manne yalikuwa yamerundikwa pembeni mwa ghala, yameungua kingo. Yote kumi na manne yalikuwa yamegeuzwa, ndani nje. Mishono ilionekana.

Gunia haligeuzwi kwa ajili ya kuchoma nyumba. Linageuzwa likikung'utwa.

Picha hiyo aliipiga mwenyewe.

*

Bi Mwanamkuu alikuwa kibarazani kwake, nyumba ya tatu kutoka kwenye magofu, anachagua mchele. Ngassa aliamkia kabla hajafika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekuja bila kelele? Siku ile ulikuja na vijana wanne, mpaka kuku wangu wakaacha kutaga."

"Nimekuja kuuliza nilichosahau."

"Kaa basi. Au serikali haikai chini?"

Akakaa kwenye ukingo wa baraza. Akafungua maelezo ya zamani ya bibi huyu, akamsomea: *Nilichungulia dirisha la katikati. Niliona moto kulia na kushoto kwa pamoja. Katikati kulikuwa na giza.*

"Nani kasema 'kwa pamoja'?" aliuliza Bi Mwanamkuu.

"Imeandikwa."

"Najua imeandikwa. Mimi nilisema kulia kwanza. Kulia, kwenye tanuri, moto mkubwa wa manjano kama mawese. Nikasema Allahu akbar. Hata sijamaliza, kushoto kukawaka. Katikati bado giza. Halafu na katikati kukafuata, kioo kikanipasukia." Akaonyesha kovu kwenye kiwiko. "Nilikwambia hivyohivyo. Ukasema, 'Mama, ni vilevile tu.'"

Ngassa aliandika. Mkono wake ulikwenda polepole kuliko kawaida.

"Na pale dirishani ulikuwa unafanya nini?"

"Ah! Leo ndiyo unauliza?" Bibi akaweka ungo chini. "Nilifuata unga wangu. Kila Ijumaa baada ya swala Adinani hukung'uta magunia ya wiki, na unga unaotoka anatugawia sisi wajane wa mtaa. Sio mwingi, kisonzo kisonzo, kijazo cha kibakuli. Tangu enzi za baba yake. Nikaja na kibakuli changu, nikakuta milango imefungwa, na ndani nasikia pu, pu, pu, Kulwa anapiga magunia. Nikazunguka dirishani nimwite."

"Kwa kawaida wanakung'utia wapi?"

"Nje, hapo uwanjani."

"Siku ile kwa nini ndani?"

Bi Mwanamkuu alimtazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza jua linatoka wapi.

"Si kulikuwa na hitima nyumba ya pili! Majamvi yametandikwa mpaka barabarani, masinia ya pilau yako wazi, watu wamevaa kanzu na mabuibui. Utakung'uta unga juu ya vichwa vya watu wanaosoma? Mwaka wa juzi Kulwa alifanya hivyo, ikawa maneno mwezi mzima. Adinani kwa haya yake akasema safari hii mkung'ute ndani na milango ifungwe, akaifunga mwenyewe, akaenda hitimani. Mtaa mzima unajua."

"Hakuna aliyeniambia."

"Hukuuliza. Ulikuwa unauliza nani alimchukia nani."

Ngassa alimsomea maelezo mapya. Bibi akayasikiliza neno kwa neno, akamrudisha nyuma mara mbili, kisha akaweka dole gumba. Ngassa alipoinuka, bibi alimshika mkono wa shati.

"Wewe una mama?"

"Yupo, Nzega."

"Yule wa Adinani alikuwa anakuja hapa kwangu kila Jumatatu kutoka Kwihara kwa mguu, anapita njia ile ile waliyopita wapagazi wa misafara ya zamani, na kibao chake cha mbuzi cha kukunia nazi kichwani, akidhani ataruhusiwa kumpikia mwanawe. Nenda ukamwambie huko aliko."

Ngassa akashuka barazani. Mvuliwa nguo huchutama. Alikwenda gerezani.

*

Adinani aliletwa kwenye chumba cha mawakili. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na tano, na nywele za pembeni zilikuwa zimeshakuwa nyeupe. Alikaa, akaweka mkono wa kushoto mdomoni. Alizungumza hivyo muda wote, mkono mdomoni.

"Afande. Kesi si Jumanne?"

"Jumanne. Nina swali moja. Usiku ule ulisema, 'Ni mimi nimemuua Kulwa.' Ulimuuaje?"

Askari magereza mlangoni akabadilisha mguu.

"Nilifunga milango," alisema Adinani. "Mimi ndiye niliyemwambia akung'utie ndani. Kulikuwa na hitima. Niliona haya unga uwapakae watu. Kulwa akasema, 'Bosi, humu tutakosa pumzi.' Nikamwambia vumilia, ni nusu saa. Nikafunga kwa komeo la nje, maana ule mlango usipokomewa unafunguka wenyewe kwa upepo. Moto ulipotokea alikuwa anagonga. Nilimsikia kutoka jamvini. Nilikimbia, sikuwahi."

"Kwa nini hukuyasema hayo?"

"Nilianza kusema. Ukaniuliza, 'Ulifunga wewe?' Nikajibu ni mimi. Ukauliza, 'Kwa hiyo umemuua?' Nikaona ni kweli. Nikasema ni mimi nimemuua. Ulipoandika hivyo ukafunga daftari. Nikajua huna haja na mengine."

"Ulijua kama gesi inavuja?"

"Tanuri si langu. Ningejua ningemfungia mtu?"

Ngassa alimweleza. Alieleza vibaya, akarudia, akatumia jiko na upepo wa mgongoni kama alivyofundishwa. Akasema gesi ilitoka kwenye mtungi wa Selemani, kwamba Selemani mwenyewe aliwasha tanuri lake kama kila siku, kwamba joto liliruka ujia mtupu na kutua kwenye unga uliokuwa hewani, kwamba hapakuwa na mkono wa mtu kule ghalani isipokuwa wa Kulwa, na wa Kulwa ulikuwa umeshika gunia.

Adinani alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sikumuua."

"Ulifunga mlango ili watu wasome kwa heshima. Hilo utalibeba mwenyewe, siwezi kukupunguzia. Ila si kosa la kuua."

"Na haya mambo ya joto kuruka umeyajua lini?"

Hilo ndilo swali Ngassa alilokuwa akilikimbia tangu Usoke. Angeweza kusema jana. Ingekuwa nusu ya kweli, na nusu hiyo ingempeleka mpaka kustaafu.

"Niliandikiwa wiki moja baada ya moto. Karatasi nzima. Niliitoa kwenye jalada nikaiweka kwenye droo."

"Kwa nini?"

"Iliharibu kesi."

Adinani akaondoa mkono mdomoni. Mbele, juu, kulikuwa na pengo. Ngassa akatazama ukuta.

"Nitazame," alisema Adinani.

Akamtazama.

"Sasa utafanya nini?"

"Naandika maelezo yangu mwenyewe. Jioni hii yanakwenda kwa mwendesha mashtaka, na nakala kwa wakili wako. Jumanne nikiitwa nitasema hivyohivyo."

"Watakufukuza."

"Watanifukuza."

"Basi andikia hapa, nikiona. Na usiandike 'makosa ya kibinadamu'. Humu ndani kila askari anasema makosa ya kibinadamu. Andika hesabu."

Ngassa akavuta karatasi. Aliandika jina lake, namba yake ya kazi na tarehe: Alhamisi, 3 Julai 2025. Akaeleza gesi, unga, hitima na magunia kumi na manne yaliyogeuzwa. Alipofika mwisho akauliza, na Adinani akamtajia, na yeye akaandika kama alivyotajiwa, bila kuongeza neno:

Siku nilizomweka ndani mtu asiye na hatia: mia nne na kumi na nane.

Ijumaa ambazo wajane wa Cheyo hawakupata unga: hamsini na tisa.

Mama yake, Bi Anifa, alizikwa Kwihara mwezi Novemba. Maombi ya mwanawe kwenda kumzika: moja. Aliyeyapinga: mimi.

Mtoto wake wa kike aliyezaliwa Agosti, ambaye sasa anatembea. Mara alizobebwa na baba yake: hakuna.

Jino moja, la mbele, la juu, usiku wa mahojiano. Aliyelitoa: mimi.

Kurasa za jalada lililopelekwa mahakamani: mia moja na sita. Kurasa zilizokosekana: moja.